Boksi Chini ya Godoro

Mwanangu alikaa barabarani miaka thelathini na mitatu bila kugonga hata kuku. Wenzake kazini walimpa jina la Taratibu, kwa sababu akikaribia makutano ya njia alipunguza mwendo kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha, ndani ya gari la mikate. Nilikuwa dereva wa kiwanda cha mikate miaka thelathini na mmoja, na mpaka leo watu wa rika langu wananiita Bibi Mikate, ingawa siku hizi mkate wenyewe nanunua dukani kama mtu mwingine yeyote.

Somo la kwanza nililompa halikuwa gia wala klachi. Nilimfunga kitambaa machoni, gari limezimwa, nikakaa pembeni yake nikawa namtajia. Taa! Waipa! Hita! Honi! Nilitaka mkono uende wenyewe. Akipapasa, kofi dogo la bega. "Macho ni ya barabara," nilimwambia. "Mikono ina akili yake, iachie." Siku ya tatu alikuwa anavijua vitufe vya gari lile kama anavyojua vidole vyake. Ndiyo maana hili ni gumu kwangu kuliandika.

Mjukuu wangu tulimwita Chiriku, maana alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha. Mama yake, binti yangu, alitutoka Chiriku akiwa na miaka sita. Taratibu hakuwa na mtoto, akamchukua mpwa wake akawa wake. Alimpeleka shule, akakaa naye kwenye madaftari mpaka mahali alipoishia yeye mwenyewe, na kutoka hapo akawa anamkalia tu, ili asisome peke yake. Chiriku akasonga mbele mpaka akatoka na shahada ya mambo ya kompyuta, akapata kazi kwenye ofisi inayopima magari kabla hayajauzwa. Wale wawili hawakufichana kitu. Ukimwambia mjomba, umemwambia mpwa.

"Unapima nini hasa huko?" nilimuuliza siku moja tunachambua mchele.

"Macho ya madereva, Bibi."

"Macho yana urefu gani mpaka yapimwe?"

Akacheka, akanieleza kwa punje za mchele. Magari mapya, alisema, hayana tena vitufe. Katikati kuna kioo kimoja cha kugusa, kipana kama sinia lililosimama, na kila kitu kimo humo: redio, hita, feni, ramani. Ukitaka kitu unagusa picha yake.

"Na mkono unajuaje picha ilipo, ikiwa ni kioo kitupu?"

"Haujui. Lazima uangalie."

"Na barabara nani anaiangalia?"

"Hapo ndipo penye kazi yangu," akasema, akasukuma punje moja pembeni.

Walikuwa na nusu ya gari, imefungwa sakafuni kwa boliti, na mbele yake ukuta unaoonyesha sinema ya barabara. Dereva anakaa, anavishwa miwani yenye kamera ndogo kama chawa, anaendesha barabara ya sinema. Kisha anaambiwa, ongeza joto, au, ondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Ile miwani inaandika kila mara jicho linapotoka barabarani: limekwenda wapi, limekaa muda gani, limerudi lini. Wakishapata watu wengi, Chiriku anaingiza yote kwenye kompyuta na kutengeneza kitu alichokiita modeli. Mimi nilikiita jicho la hesabu. Ukishakuwa nacho, huhitaji tena kumkalisha mtu. Unakiuliza: nikiweka picha hii hapa, mtu wa umri fulani ataiangalia kwa muda gani? Kinakujibu.

"Na sheria ni moja," alisema. "Mtazamo mmoja usizidi sekunde mbili. Ukizidi, kioo kinakataliwa, wanarudisha kitufe cha kweli. Sekunde mbili kwa mwendo wa mjini, Bibi, ni kama urefu wa nyumba tatu. Nyumba tatu dereva ni kipofu."

Nilimwambia ni kazi njema. Nilimaanisha.

Baadaye akaja na taabu. Madereva vijana walikuwa wamekwisha pimwa, sasa alitakiwa kupata kundi la wakubwa, kuanzia miaka hamsini na tano, watu kumi na wawili. Mjomba wake alikuwa na hamsini na sita lakini ndugu wa damu anayeendesha kwa ajira hakuruhusiwa. Mimi niliruhusiwa, kwa kuwa nilikwisha staafu na fomu haikuuliza kuhusu bibi. Nikamkusanyia wengine kumi na mmoja, wote wazee wa usukani. Alikuwamo Mama Lori, aliyeendesha malori ya mbao na bado anaongea kama injini inawaka, na alikuwamo Breki, dereva wa basi mstaafu, mwanamume mwembamba ambaye hata akiwa amekaa kwenye kiti cha sebuleni mguu wake wa kulia unakanyaga.

Jioni moja Chiriku alikula amechoka, kichwa kinamwinamia sahani. Akasema, "Vijana wamefaulu vizuri. Wazee ndio wananitia hofu. Wakishindwa, mradi unarudi mwanzo, na mkataba wangu ni wa mradi huu tu."

Wamefaulu. Wakishindwa. Mimi niliishia darasa la saba, na nikisikia maneno hayo najua ni mtihani. Na mtihani ukihusu mtoto wako huwezi kukaa umekunja mikono.

Juu ya meza alikuwa ameacha karatasi yenye picha ya kile kioo, kwa ukubwa wake halisi. Alipoingia kuoga nikachukua boksi la sabuni, nikalipasua upande mmoja, nikaweka karatasi juu, nikafuatisha kila picha kwa ncha ya kalamu. Alipotoka anajikausha nywele karatasi ilikuwa mahali pake, na boksi liko chini ya godoro langu.

Wiki mbili tulifanya mazoezi, asubuhi, Chiriku na mjomba wake wakiwa kazini. Viti vya sebule tulivipanga kama vya gari. Usukani ulikuwa sinia la chai. Boksi niliegemeza kwenye stuli, kushoto kwa usukani. Wazee wale walikuwa na vidole vigumu na vichwa vigumu zaidi.

"Picha hizi zote sura moja," alilalamika Mama Lori. "Feni kama ua, ua kama feni. Anayezichora anatuchukia."

"Usiziangalie," nilimwambia. "Ukiziangalia umefeli."

"Sasa nitazijuaje? Nizinuse?"

Hapo ndipo nikatumia vitendawili vyangu. Kila kazi ya kioo kile niliitungia kimoja. Kazi mbaya kuliko zote ilikuwa ukungu, maana ilitaka kugusa mara tatu: kwanza feni, chini kushoto, halafu alama ya ukurasa, kulia, halafu picha ya kioo chenye mistari ya mvuke, juu katikati. Nikasimama mbele yao kama mwalimu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mzee kaamka miguuni pa kitanda, katoka mlango wa kulia, kaungulia darini!"

"Ukungu!" wakajibu, na vidole vikaenda juu ya boksi, tak, tak, tak, macho yakiwa ukutani kwenye kalenda, ambayo ndiyo ilikuwa barabara yetu. Anayechungulia alipigwa kijiko cha mbao. Breki alipigwa sana.

"Bibi Mikate, mimi nimebeba abiria sitini," akasema akijikuna kifundo, "sijawahi kupigwa kijiko."

"Abiria sitini walikuwa wanakuogopa. Boksi halikuogopi. Rudia."

Tulicheka. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli. Nyumba yangu haikuwa imecheka namna ile tangu nimzike binti yangu.

Siku moja Taratibu alirudi mapema, gari lake likiwa kwenye matengenezo. Alitukuta tumekaa kwenye safu, Mama Lori ameshika sinia. Nililiwahi boksi, nikalipitisha nyuma ya kanga mpaka chumbani.

"Shikamooni. Mama, mnasafiri kwenda wapi?"

"Marahaba. Shughuli za wazee."

"Nami nakaribia umri," akasema, akasimama mlangoni akitabasamu, funguo mkononi. "Nikae kiti cha nyuma?"

"Nenda kaoge," nilimwambia.

Akaenda. Nilijua akikaa dakika tano tu, usiku Chiriku atakuwa amejua. Kwa hiyo nilimfukuza.

Siku ya kupimwa nilivishwa ile miwani. Chiriku mwenyewe ndiye aliyenifunga kamba yake nyuma ya kichwa, vidole vyake baridi. Barabara ya sinema ilianza kutembea. Sauti ikasema, ondoa ukungu. Moyoni nikasema, mzee kaamka miguuni pa kitanda. Tak, tak, tak. Nilikitupia kioo jicho kidogo tu ili isionekane ajabu. Nilipomaliza, Chiriku alikuwa ameinamia kompyuta yake, hanitazami.

"Bibi, umewahi kukiona kioo hiki mahali?"

"Nikione wapi mimi?"

Aliinua uso akaniangalia. Halafu akaandika kitu, akasema, "Asante. Mwite anayefuata."

Wazee wote kumi na wawili walifaulu. Sekunde moja nukta nne, huo ndio ulikuwa wastani wa mtazamo wetu. Wakubwa wa Chiriku walifurahi mno. Kioo kikapitishwa, jicho la hesabu likakamilika, na Chiriku akapewa ajira ya kudumu. Breki alituletea soda. Tukagonga chupa.

Ilinichukua muda mrefu kuelewa tulichofanya, na nilipoelewa nilikuwa nimechelewa. Mtihani ule haukuwa wetu. Mtihani ulikuwa wa kioo. Kioo ndicho kilichotakiwa kufaulu au kufeli mbele ya macho yetu ya kizee, na sisi tukakaa chini tukakifanyia mtihani wake.

Mwaka haukuisha. Kampuni ya Taratibu, inayosambaza dawa kwenye maduka ya dawa, ikanunua magari mapya. Lile gari alilolizoea likauzwa. Siku ya kwanza alirudi nyumbani anasugua macho.

"Mama, gari hili linataka niliangalie kama mke mpya. Nikimgeuzia uso, kanuna."

Nilicheka. Nilijua ni kioo gani. Boksi lilikuwa chini ya godoro, hatua kumi kutoka pale alipokaa. Ningelitoa tu nikasema, kaa, mwanangu, nikufunge kitambaa. Lakini boksi likitoka, na uongo unatoka, na Chiriku ndiyo kwanza ana kiti chake mwenyewe ofisini.

"Utazoea," nilimwambia.

Hakuzoea. Mwezi wa tatu na gari lile, saa nne asubuhi, mvua inanyesha, yuko njiani na maboksi ya dawa. Kioo cha mbele kikaingia ukungu. Mkono wake ukaenda pale ulipozoea kwenda miaka thelathini na mitatu, ukakuta ulaini. Akaangalia. Akagusa ua badala ya feni, ukafunguka ukurasa wa muziki. Akatafuta njia ya kurudi. Alipoinua macho alikuwa amemgonga fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, anavuka na mfuko wa vitambaa juu ya kichwa kujikinga na mvua. Mguu wa kulia wa mama yule ulivunjika mahali pawili. Ni mguu ule anaokanyagia mashine.

Ndani ya gari lile, juu ya usukani, kulikuwa na kamera inayomtazama dereva. Iliandika: sekunde tatu nukta sita.

Barua ilikuja kutoka kwenye kampuni yake. Nikamwambia Taratibu aisome kwa sauti, akasoma kama anasoma habari za mtu mwingine. Ilisema kwamba kwa mujibu wa modeli iliyothibitishwa, dereva wa umri wake anahitaji sekunde moja nukta nne tu kwa mtazamo mmoja wa kazi ile. Yeye alitumia zaidi ya mara mbili. Hiyo si hitilafu ya gari. Ni uzembe. Aende mbele ya kamati ya leseni, na kazi yake itategemea uamuzi wa kamati. Chini kulikuwa na majina ya waliotengeneza modeli. La tatu lilikuwa la Chiriku.

"Moja nukta nne," alisema Taratibu, akiikunja barua. "Wazee gani hao, Mama? Wana macho ya mwewe?"

Nikainuka kuosha vikombe.

Chiriku alikuwa amehamia chumba chake karibu na ofisi. Nilimfuata huko siku ya mapumziko. Chumba kilikuwa na kitanda, meza na kompyuta mbili, na dirisha linaloangalia ukuta wa jirani. Nilimwambia yote, tangu boksi la sabuni mpaka kijiko cha mbao. Alinisikiliza mpaka mwisho, na yeye hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Nilijua, Bibi."

"Ulijua nini?"

"Mtu asiyekijua kioo, jicho lake linazurura. Linakwenda huku, linarudi, linakosea. Yenu yalikwenda moja kwa moja. Wote kumi na wawili, njia moja, kama siafu. Nilijua kabla sijakuvua miwani."

"Na ukanyamaza!"

"Na wewe mbona ulidanganya?"

"Kwa ajili yako."

"Basi nami nilianza kunyamaza kwa ajili yako. Nisimame mbele ya watu niseme bibi yangu amedanganya?" Alikuwa anachokonoa ukingo wa meza kwa ukucha. "Baadaye nikanyamaza kwa ajili yangu. Nikajiambia ni wazee kumi na wawili tu kati ya watu mia mbili."

"Na hao kumi na wawili ndio waliotumika kumpima mjomba wako."

"Najua kuhesabu, Bibi."

Kwa jirani mtu alikuwa anapiga msumari ukutani, anaacha, anapiga tena.

"Ukisema kwenye kamati, kazi yangu imekwisha," akasema.

"Nisiposema, yeye amekwisha."

"Basi fanya unavyoona." Akageukia kompyuta, na haikuwa imewashwa.

Nilirudi nikalitoa boksi chini ya godoro. Lilikuwa limebonyea mahali ninapolazia ubavu.

Siku ya kamati tuliingia kwenye chumba chenye meza ndefu na feni ya darini isiyozunguka. Walikuwa watano, na mwenyekiti wao alikuwa mama mwenye miwani ya mnyororo. Wakili wa kampuni ya dawa alikuwa mtu mpole, mwenye adabu, aliyenivutia kiti. Fundi cherehani alikaa karibu na dirisha, magongo yake yameegemea ukuta. Chiriku aliitwa kama shahidi wa kampuni, akakaa upande wao.

Zamu yangu ilipofika nilisimama na boksi mkononi. Nikasema mimi ni nani, na nilifanya nini. Nikaliegemeza boksi kwenye jagi la maji, nikamkazia macho mwenyekiti, nikasema, "Mzee kaamka miguuni pa kitanda, katoka mlango wa kulia, kaungulia darini." Tak, tak, tak. Sikulitazama hata mara moja. Mjumbe mmoja alicheka, akajizuia kwa kikohozi.

"Kwa hiyo ile moja nukta nne si ya wazee," nilisema. "Ni ya wazee waliokariri. Mwanangu hakukariri. Mtu asiyekariri anaangalia kama alivyoangalia yeye. Ubaya uko kwenye kioo."

Mwenyekiti akamgeukia Chiriku. "Ni kweli anayosema huyu mama?"

Miaka yote ile ya kusikia habari za macho imenifundisha kuyafuata. Macho ya Chiriku yalikwenda kwenye karatasi zake, yakaenda kwa wakili, yakarudi kwenye karatasi. Mjomba wake alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwake, shati amelinyoosha mwenyewe, mikono juu ya magoti. Hata nusu sekunde hakumtazama.

"Takwimu zilikaguliwa kwa utaratibu wa ofisi," alisema Chiriku. Akaketi.

Wakili akainuka taratibu, kwa heshima.

"Bibi, ulijifunza kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Kwa kutumia?"

"Hili boksi."

"La?"

"La sabuni."

"Na umri wako, samahani?"

"Sabini na nne."

"Elimu?"

"Darasa la saba."

"Na ndiye wewe uliyemfundisha mwanao kuendesha bila kuangalia vitufe, tangu ujana wake?"

"Ndiyo mimi," nikasema, tena kwa kujivuna, Mungu anisamehe.

Akawageukia wale watano. "Waheshimiwa, kampuni inamshukuru bibi kwa ukweli wake. Ametuonyesha kwamba kioo hiki kinaweza kutumiwa bila kutazamwa, na mtu wa miaka sabini na nne, kwa boksi la sabuni, baada ya wiki mbili. Dereva wa kazi alikuwa na gari lenyewe, kwa miezi mitatu. Na alilelewa na mwalimu huyu. Sina la kuongeza."

Niliona kamba niliyoisokota kumwokolea mwanangu imezunguka shingoni mwake. Nikalichukua boksi, nikaketi.

Mwenyekiti alimwuliza fundi cherehani kama ana neno. Mama yule hakusimama, hakuweza.

"Nimesikia sekunde nyingi hapa," alisema. "Moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Mnaangalia macho ya huyu bwana, mnaangalia kidole cha bibi. Mguu wangu nani ameuangalia?"

Mwenyekiti akafungua ukurasa mwingine.

Leseni ya Taratibu ilifutwa kwa miaka mitano. Kazi ikaenda nayo. Habari za modeli, walisema, zitapelekwa kwa wahusika. Nje kwenye ngazi wakili alinifuata, akaniomba kwa adabu zote apige picha ya boksi. Nikamwachia, kichwa changu hakikuwapo. Mama Lori ana mpwa wake pale kwenye kampuni ya dawa. Anasema sasa kila dereva mpya anapewa karatasi ngumu yenye picha za kioo akafanye mazoezi nyumbani wiki mbili, na asipofanya ni kosa lake. Kioo hakijaguswa. Kimepata mwalimu wa bure.

Chiriku bado ana kiti chake. Hunitumia salamu kwa simu. Mjomba wake huniuliza, "Anakula vizuri?" Namjibu, anakula.

Kunilaumu, Taratibu hajanilaumu. Ila mara moja tu, tukiwa tunapanga viti vya sebule baada ya kupiga deki, alishika mgongo wa kiti kimoja akasema, "Mama, siku ile ya sinia. Ungeniambia tu, kaa."

Mimi leseni yangu ninayo. Hupimwa macho kila mwaka, na kila mwaka huambiwa nina macho mazuri. Juzi tulikwenda kwa fundi cherehani. Taratibu amemtengenezea mkono wa chuma wa cherehani, ili mashine aizungushe badala ya kukanyaga. Mara ya kwanza haukukaa sawa, akaufua upya. Nilimwendesha kwa kigari changu kikuukuu, ambacho kila kitufe chake kimelika kwa vidole vyetu. Yeye kakaa pembeni, ule mkono wa chuma mapajani, umefungwa gazeti. Dereva wa miaka thelathini na mitatu anabebwa na mama yake.

Mvua ikaanza. Kioo cha mbele kikaingia ukungu, kutoka pembeni kuja katikati. Kabla sijawaza, mkono wake ulipita mbele yangu, ukakikuta kitufe, ukakizungusha mara moja na nusu, ukarudi mapajani. Ukungu ukaanza kukimbia.

Nilimtazama. Macho yake hayakuwa yamebanduka barabarani.

"Mama," alisema. "Angalia mbele."